Kuzuhara Yoshitane, Mchoraji wa Mifupa Yenye Furaha

Ndugu waombolezaji, mimi ni Sumire, binti pekee wa marehemu, nasoma haya kwa niaba ya familia.

Baba yetu alizaliwa tarehe 3 Juni 1941 mjini Matsue, mtoto wa tatu wa mtengeneza karatasi, akasoma hapohapo kuanzia mwaka 1948 hadi 1957, kisha akaenda Kyoto kujifunza uchoraji wa wino, ambako mwalimu alimwagiza achore mianzi, yeye akachora mifupa ya watu ikicheza ngoma, ikipigana mieleka na kumiminiana sake, pombe ya mchele.

Agosti 1967, katika sikukuu ya kuwakumbuka wafu, hekalu moja la hapa Matsue lilitundika picha zake, na mjane kijana aitwaye Nuiko, aliyefiwa na mumewe miezi mitano tu nyuma, akamkabili mbele ya watu wote.

"Wewe bwana, huna haya? Unawafanyia mzaha wafu wetu?"

Baba aliinama, akamuuliza mumewe alipenda nini.

"Kuvua samaki. Na hakuwahi kupata hata mmoja!"

Baba akaketi palepale, akachora mifupa imekumbatia samaki mnene kuliko yenyewe, taya wazi kwa mshangao, na Nuiko akalia, kisha akacheka, akasema, "Ndiye kabisa, mjinga wangu huyu."

Walifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1970, nami nikazaliwa mwaka 1973, na picha ile imekaa sebuleni kwetu miaka yote, baba asiionee wivu hata siku moja.

Februari 2018 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, na Daktari Nagakubo alipomwonyesha picha ya eksirei, baba aliitazama sana, akasema, "Mbavu nzuri, daktari, ila zimenuna," akaomba nakala, akaichora upya kwa wino, imevaa kofia, inampima daktari mapigo ya moyo. Daktari aliitundika chumbani mwake hospitalini, na mama mmoja aliyekuwa amekataa matibabu akaiona, akacheka, akavuta kiti, akasema, "Haya, tuanze." Baba alipelekewa habari hiyo siku tatu kabla ya kufariki kwake nyumbani tarehe 21 Oktoba 2018, akiwa na miaka 77, mkono wake mikononi mwa mama yangu, Nuiko.

Tunamshukuru Daktari Nagakubo na wauguzi, majirani waliotupikia siku zote hizi, wachoraji wenzake, na wanafunzi wake wa uchoraji, ambao darasa lao litaendelea Jumamosi, mama yangu akiwa mwanafunzi mpya.

Baba, umetutosha, pumzika salama.