Kiganja cha Chumvi

Pilau ya Magembe ilikuwa chumvi tupu, na wakwe walikuwa wameshakaa mkekani. Halidi aliyapata hayo bila kuuliza, kwenye basi la Magindu, kwa sababu Magembe na jirani yake Hajira walikaa mbele yake na wote wawili hawajui kunong'ona.

“Mke wangu ametoka kujifungua, nikaona nipike mwenyewe. Ulisema kilo tatu, chumvi kiganja kimoja. Nikatia kimoja.”

“Kiganja changu, shemeji. Hilo lako beleshi.”

“Hukusema cha nani.”

“Kwani jikoni kuna rula? Unatia, unaonja supu kabla ya mchele.”

“Kuonja hukukutaja.”

Halidi aliichungulia mikono ya Magembe, mikono ya mfugaji, akaona beleshi ni neno la heshima.

“Mama mkwe alisemaje?”

“Aliuliza kama nimemchanganya na ng'ombe wangu ninaowalambisha chumvi.”

Hajira alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio, na Magembe naye akacheka. Basi liliposimama walishuka wakibishana bado. Hasara ilikuwa mchele kilo tatu, mbuzi mmoja, na ndoo mbili za maji walizomaliza wageni sita kabla ya alasiri.