Pumzi ya Hattie

Wasikilizaji wapendwa, kipindi hiki huanza kwa sauti ya yule tunayemkumbuka. Ndivyo mlivyozoea. Leo hakikuanza hivyo, na mtajua sababu.

Leota Vrbka alifariki Jumanne, hapa hapa Harlan Creek, akiwa na miaka sabini na mmoja. Leota Vrbka. Wazee wenu wanamjua zaidi kwa jina la Hattie.

Kuanzia mwaka elfu moja mia tisa thelathini na sita, kila Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni, Nebraska nzima ilikaa kimya kumsikiliza Hattie. Mchezo wenyewe wa redio ulikuwa mwepesi. Hattie ni opereta wa simu wa mji mdogo. Anazijua siri za kila mtu, ila yake mwenyewe hathubutu kuitamka: anampenda Orville, mwuza mbegu, mwanamume anayeposa kila mwanamke isipokuwa yeye. Viazi viliungua majikoni. Wakulima waliacha ngano shambani wakaja kucheka.

Na Leota alikuwa opereta wa kweli. Asubuhi aliunganisha simu za mji, jioni aliigiza. Watu walimpigia wakiwa hawana wa kuongea naye.

"Hattie, utampata lini huyo bwege?"

"Akinunua kofia mpya, Bwana Kucera. Haya, nikuunganishe na nani, au umenipigia kunichosha tu?"

Mdogo wake, Arvilla, ametusimulia habari ya mabusu ya mchezoni. Aliyeigiza Orville alikuwa anatafuna tumbaku. Basi Leota, badala ya kumbusu yeye, alibusu kifundo cha mkono wake mwenyewe mbele ya kipaza sauti. "Mama alikuwa anafua gauni," anasema Arvilla, "anaona rangi ya mdomo kwenye mkono wa gauni. Anafoka: 'Wewe Leota! Mwanamume gani anambusu mtu mkononi? Mlete nimwone!'"

Mwaka arobaini na moja, mwezi wa sita, kampuni moja ya filamu ilimwita California. Mchezo wa redio ungekuwa sinema. Walimtazama, wakamwambia uso wa Hattie utakuwa wa mwigizaji mwingine, lakini sauti itakuwa yake. Leota alikubali. Kwa siku kumi alisimama ndani ya chumba kidogo akasema maneno yote ya Hattie, toka mwanzo hadi harusi. Kisha wakampandisha treni.

Sasa sikilizeni vizuri, wasikilizaji wapendwa. Mchezo ule ulikwenda hewani moja kwa moja. Kumbukumbu yake ilikuwa santuri za alumini tu, alizozichonga fundi wetu, Wendell Hruska. Miaka mitano ya Hattie, kabati moja. Na mwezi wa saba mwaka ule ule, serikali iliomba alumini ya kuundia ndege za vita. Kila mji ulitaka kuushinda mwenzake. Uani pa mahakama palirundikwa sufuria, mabirika na vikombe vya kukamulia maziwa.

Leota alikuja hapa kituoni na toroli.

"Leota, hizi si sufuria," alisema Wendell.

"Ni alumini au si alumini?"

"Ni wewe, bibie. Ni wewe humu ndani."

"Mimi niko California, kwenye filamu, nitadumu kuliko wewe na mashine zako. Mimi ndiye Hattie. Nikibana kabati langu, mke wa Kucera atatoa birika lake? Shika huko, tubebe."

Wakabeba. Watu walipiga makofi uani pale. Zikayeyushwa zote.

Filamu ilifika masika yaliyofuata. Mji mzima ulikuwa ukumbini mwa sinema, Leota safu ya mbele na kofia mpya, Arvilla kando yake. Hattie akatokea kwenye pazia, mzuri kama sanamu ya dukani. Akafungua mdomo.

Haikuwa sauti ya Leota.

Mwigizaji yule alikuwa amekataa kutembeza midomo kwa sauti ya mtu mwingine. Kampuni ikamsikiliza. Leota hakuna aliyekumbuka kumwandikia. Nyuma, Bwana Kucera akapaza sauti: "Leota! Ulipata mafua huko California?" Ukumbi ukacheka. Leota akacheka pia. "Alinishika mkono," anasema Arvilla. "Kucha zake ziliniingia. Na bado alikuwa anacheka."

Kampuni ilipoandikiwa, ilijibu kwamba sauti isiyotumika hutupwa. Kituo nacho kilishautoa muda wa Hattie kwa habari za vita. Leota alirudi kwenye simu zake. Watu wakimwomba awasemee kidogo kama Hattie, alijibu: "Namba, bwana." Basi. Hakuigiza tena hadi anakufa.

Mwaka sabini na sita, mtu wa Kansas aliandika kwamba ana santuri moja ya mchezo ule, iliyokuwa imesahaulika kwenye ghala la baba yake. Moja. Madada hao wawili, wazee, waliendesha gari saa sita. Yule bwana akaweka sindano. Ikasikika bei ya nguruwe. Ikafuata hali ya hewa. Kinanda. Mtangazaji akasema, "Na sasa, Hattie!" Mtu akavuta pumzi.

Santuri ikaishia pale. Upande wa pili ulikuwa umekwanguka wote.

"Ndiyo mimi hiyo," alisema Leota. "Nilikuwa navutia pumzi menoni. Wendell alinigombeza kila siku." Aliomba irudiwe mara tatu. Kisha akasema, "Twende nyumbani, Arvilla. Kuku hawajala."

Kwa Arvilla na ukoo wote wa Vrbka, kituo hiki kinawapa pole. Tunaitoa tukiwa na aibu, kwa sababu kabati lile lilikuwa letu, na mlango tuliufungua sisi.

Nanyi mnaosikiliza, mtazameni aliye karibu nanyi jikoni sasa hivi. Mwacheni aongee. Msimkate, hata kama hadithi mnaijua.

Tumeiazima santuri ya Kansas. Nyamazeni kidogo, maana ni fupi sana. Ni yote yaliyobaki.

"Na sasa, Hattie!"

Hhh—