Mjomba wa Kwenye Treni

Benchi ni ya Bhavik, kahawa ni yangu, na kelele ni ya kila mtu. Bhavik anauza redio, rimoti na nyaya za TV hapa nyuma ya stendi, Nakuru, na hiyo benchi aliwekea wateja wakae wakingoja TV zao zitengenezwe. Wateja hawakai. Wenye hukaa ni wawili hawana TV yoyote ya kutengeneza. Mmoja ni Ephantus, tunamwita Jaji. Mwingine ni Dalmas, tunamwita Pati Tuu, kwa sababu kwake hakuna muvi huisha, zote ziko na pati tuu, yaani sehemu ya pili, imefichwa mahali. Mimi muuza kahawa wananiita Mathe, na kikombe changu kimoja wanakikalia asubuhi nzima, mdomo hauchoki.

Jaji ako na ukurasa wake kwa mtandao. Huko anahukumu muvi, gemu, vipindi vya TV, hata watangazaji wa taarifa ya habari. Posti yenye ilimpatia jina ni ile ya mjomba. Kuna muvi moja ya zamani ya Kihindi tuliona wote ikiwa ya DJ, si unajua, DJ anaongea Kiswahili juu ya sauti za waigizaji mwanzo hadi mwisho. Hapo karibu na mwisho, mjomba anapandisha kijana wa dadake kwa treni na anamwambia, "Usirudi. Huku hakuna mtu anakungoja." Jaji aliandika kwamba huyo ndiye binadamu mbaya kuliko wote kwa sinema ya dunia nzima. Watu walipigana hapo chini ya posti mpaka wakatukaniana wazazi, na mwaka umeisha bado wanapigana.

Sasa amealikwa Njoro. Wanafunzi wa chuo wako na klabu yao ya filamu, na wanataka Jumamosi asimame mbele yao awaambie kuhusu huyo mjomba. Jaji shule iliishia kidato cha pili, na maisha yake yote hajawahi kuitwa mahali aongee. Ameazima koti ya Bhavik. Wawira, bibi yake, ameshaambia kanisa lote. Ukimwangalia unaona ana furaha na anaogopa, vyote pamoja, na kwa kweli nilikuwa namuombea.

Jana alikuwa anatujaribishia hotuba. Akasema mjomba alimfukuza kijana kwa sababu ya shamba, ati kijana akikomaa angedai haki ya mamake. Dalmas akakataa kabisa.

— Shamba gani, Jaji? Huyo mzee alikuwa jasusi. Ulishaona treni inabeba abiria mmoja?

— Kulikuwa na watu wengine, Bhavik akasema.

— Hao walikuwa polisi, wamevaa nguo za raia.

Bhavik ni mtu mpole, lakini benchi inaharibu watu. Akaanza kusema huyo hakuwa mjomba, alikuwa pacha wa mjomba, na mjomba wa ukweli alikufa kabla ya ule wimbo wa mvua. Dalmas akafurahi sana, akasema pati tuu pacha atarudi na helikopta. Wakabishana helikopta ni ya nani. Niliwaambia kahawa inapoa, hakuna mtu alisikia, kwa hivyo na mimi nikaingiza yangu, kwamba mjomba alirogwa na yule jirani wa sari ya kijani. Usinicheke, uko na macho, enda uangalie vile alikuwa anamtazama.

Hapo ndipo msichana akafika na begi mgongoni. Alisema anaitwa Natalie, ndiye mwenyekiti wa ile klabu ya Njoro, amekuja kununua waya ya spika na akaona asalimie mgeni wao. Nikampatia kikombe. Jaji akasafisha koo, akamwelezea hotuba yote, na akifika kwa yale maneno ya mjomba aliyasema na sauti ya DJ kabisa.

Natalie alimsikiza mpaka mwisho, ana adabu. Kisha akauliza:

— Hayo maneno alisema mjomba, ama alisema DJ?

Tukaangaliana. Halafu sote tukamgeukia Bhavik, kwa sababu Kihindi anasikia.

— Msiniangalie, akasema. Niliona na nyinyi. DJ alikuwa amefunika kila kitu.

Ona sasa ujinga wetu. Mwaka mzima tumehukumu mtu, na mwenye anasikia lugha yake amekuwa hapa hapa akitupimia nyaya, na hakuna mtu aliwahi kufikiria kumuuliza. Hata yeye mwenyewe hakufikiria.

Bhavik akaitafuta kwa simu, ile yenyewe, bila DJ, akaipeleka mpaka kwa treni. Tukasukumana juu ya hiyo simu. Tukasikia honi, tukasikia watu wakiuza chai stesheni. Mjomba akamsukuma kijana ndani kwa bega, vile tunajua. Treni ikaanza kutoka. Mjomba akatembea nayo, akakimbia nayo, mdomo wake unatetemeka, mpaka njia ikamwishia.

— Amesema nini? Jaji akauliza.

— Hajasema kitu.

— Rudisha.

Bhavik akarudisha, akaongeza sauti mpaka mwisho.

— Hakuna kitu, Jaji. Amenyamaza tu.

Jaji akakaa chini. Roho iliniuma, kwa sababu ile koti ilikuwa imeshapigwa pasi. Natalie akamwambia pole, hakutaka kumharibia, na Jumamosi bado wanamngoja. Lakini sasa atawaambia nini?

Jaji akasukuma kikombe kando.

— Mjomba wangu ndiye alinitoa Rongai akanileta hapa mjini, nikiwa mdogo. Aliniacha kwa fundi wa baiskeli, akaenda. Hakusema kitu.

Akajipangusa uso na mkono.

— Yale maneno yote nimemchukia nayo, nilimwekea mimi.

Bhavik, bila kuambiwa, akarudisha muvi mwanzo kabisa. Birika ilikuwa imeisha, nikamwambia Dalmas asonge, nikakaa. Jaji hakuangalia na sisi. Alisimama kando, simu kwa sikio, akangoja sana kabla mtu ashike.

— Mjomba, ni Ephantus. La, hakuna shida. Nilitaka tu nikusikie ukiongea.