Chipukizi la Kalondu

Ndani ya basi la kwenda mji wa Wote, Mutie alifumba macho ili asikie vizuri. Mbele yake Kalondu, mkulima wa maembe kutoka Kalamba, alikuwa akimlalamikia Abdiya, mwalimu wa Kiingereza aliyejuana naye papo hapo kitini. "Mjukuu wangu amefukuzwa shule, eti alifungulia mbuzi wakamaliza mboga ya bustani ya shule. Mwalimu wake akamwita imp. Nimeambiwa ni mtoto wa shetani! Na sisi tumeokoka!"

"Pole, mama. Siku hizi neno hilo ni mtundu tu. Zamani sana Waingereza waliita hivyo chipukizi la kuunganisha kwa mti mwingine. Baadaye likawa jina la mtoto yeyote, ndipo watu wakaanza kusema imp wa shetani."

Mutie, mzee wa kanisa, alikohoa, akijifanya bado amelala.

"Kama vile tunaunganisha maembe?" Kalondu akauliza.

"Hivyo hivyo."

Kalondu alimgeukia. "Sisi tukikata chipukizi, tunalifunga kwa shina saa hiyo hiyo, lisikauke. Mwalimu wa mjukuu wangu amekata akatupa. Hilo ndilo nitamuuliza."

"Lakini mama, mboga imeliwa."

"Mboga itaota tena, mwalimu," Kalondu akasema akiinuka, basi likisimama mbele ya shule ya mjukuu wake.