Daktari wa Koo Aliyekauka Sauti

Benchi letu limeegemea ukuta wa ofisi ya maji, ubavuni mwa kibanda changu cha kushonea viatu, na mguu wake mmoja umesimama juu ya tofali. Nililiweka kwa ajili ya wateja, lakini wateja hukalia ndoo, maana benchi lina wenyewe. Yupo Wakili, aliyekuwa tarishi wa mahakama, akastaafu na kuondoka na lugha ya mahakimu. Yupo Injinia, fundi redio, ambaye redio asiyoweza kuitengeneza huielezea vizuri sana. Yupo Bibi Kahawa na birika lake, anauza huku akisikiliza. Na yupo Spika, mnadi wa mitumba, ambaye zamani alikuwa akinadi suruali kule sokoni, sisi huku tunazijua bei. Siku hizi sauti imemkauka, anazungumza kama mtu anayeburuta gunia sakafuni. Jumamosi bendi ya madaktari ilipiga muziki wa roki uwanjani ili watu wajue habari za saratani. Jumatatu Spika akaenda hospitali. Jumanne asubuhi akatuambia kwamba Alhamisi anatakiwa arudi akatwe kinyama kidogo kooni, kikapimwe, na kwamba haendi.

INJINIA – Huendi kwa nini?

SPIKA – Atakayenikata ni yule aliyekuwa anaimba.

INJINIA – Yule mwenye shati jeusi?

SPIKA – Huyo huyo. Naingia chumbani namkuta kavaa koti jeupe na taa ndogo kichwani. Nikamjua kwa zile ndevu. Akafungua mdomo anisalimie, hana sauti.

WAKILI – Fafanua, shahidi.

SPIKA – Imemkauka. Kaimba Jumamosi jioni nzima, Jumatatu ananong'ona kama mimi. Tumekaa mle ndani tunanong'onezana kama wezi.

Bibi Kahawa alicheka mpaka akaweka birika chini.

SPIKA – Cheka tu, dada. Mimi hili koo limenisomeshea watoto. Mnadi anatoa sauti tumboni. Yule bwana anaitoa hapa, chini ya kidevu. Wimbo wa tatu tu nikajua hafiki mwisho. Sasa mtu koo lake mwenyewe limemshinda, nimkabidhi langu?

Niseme kweli, hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata mimi nilisimamisha sindano. Nilikuwa nashona kiatu cha mama mmoja mgeni aliyekuja kulipia maji, kamba ikamkatikia mlangoni pa ofisi. Alikuwa kakaa kwenye ndoo, mguu mmoja peku juu ya boksi, anatusikiliza.

WAKILI – Mimi kabla ya koo nauliza swali la msingi. Daktari anapata wapi muda wa kupiga gitaa? Foleni hospitali inatoka mpaka getini.

BIBI KAHAWA – Si walieleza? Wanafanya mazoezi jioni wakitoka kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka. Wanapiga ili watu waje. Wangetangaza njooni tuwaeleze saratani, wewe ungekwenda?

WAKILI – Mimi nilifuata ngoma.

BIBI KAHAWA – Ehe.

INJINIA – Bibi, wewe umeme huujui. Uliyaona yale maspika? Marefu kuliko mlango huu. Mlio mzito ukikupiga kifuani, utumbo unatikisika. Utumbo ukitikisika, na uvimbe unatikisika. Ule ambao haujashika vizuri unaachia. Ndiyo tiba yenyewe ile, nyimbo ni kisingizio.

WAKILI – Ukiona vyaelea, vimeundwa.

MIMI – Hapo ina maana gani?

WAKILI – Maana yake yale maspika hayakujipandisha jukwaani yenyewe.

INJINIA – Na zile taa nyekundu mlidhani mapambo? Zilikuwa zinatupiga picha za ndani. Mbona yule wa kinanda hakutazama vidole hata mara moja? Alikuwa anatutazama sisi. Anasoma vifua, mmoja mmoja.

BIBI KAHAWA – Chako alikisoma nini?

INJINIA – Mimi nilisimama nyuma ya nguzo.

WAKILI – Basi mnamwacha mtu hatari kuliko wote. Yule wa dramu ni daktari wa kupasua. Nimehakikisha, amempasua shemeji yangu. Mikono ile imezoea mdundo. Akishafungua tumbo la mtu anahesabu moja, mbili, tatu, nne, wenzake wanaitikia. Mnafikiri kwa nini wanakulaza usingizi kwanza? Usije ukasikia pale walipokosea.

BIBI KAHAWA – Shemeji yako si yule aliyepita hapa juzi na baiskeli?

WAKILI – Nimesema amempasua. Sijasema amemuua.

BIBI KAHAWA – Na huyo mwimbaji naye, vifungo vya shati wazi mpaka kitovuni, daktari mzima.

WAKILI – Mficha uchi hazai.

Bibi Kahawa aliamua kumwongezea Wakili kahawa badala ya kumjibu. Wakili akanywa, na kahawa ikampeleka mbali zaidi.

WAKILI – Tukirudi kwenye shauri letu. Hicho kinyama wanasema kidogo. Kidogo mara ngapi? Leo kidogo, wiki ijayo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Utashtukia koo lote liko kwenye chupa, juu ya rafu, na wewe uko nyumbani huna pa kupitishia uji.

Spika akashika shingo. Aliishika taratibu, kwa kiganja kizima, na macho yake yakaacha kututazama. Nilimchukia Wakili kidogo, na nikajichukia kwa kuwa nilikuwa nimecheka.

SPIKA – Wakikata wakakosea, nitanadi kwa kutumia nini? Kwa ishara?

INJINIA – Hilo lisikusumbue. Nitakuundia kipaza sauti cha kuvaa shingoni.

SPIKA – Redio yangu unayo tangu mwaka jana.

INJINIA – Ile inasubiri kipuri.

WAKILI – Lakini tusifichane, wajumbe. Tangu huyu akauke sauti, na sisi tunapata zamu. Zamani ukianzisha sentensi hapa, Spika ndiye anayeimalizia.

Tulicheka wote, na Spika akacheka pamoja nasi, mabega yakipanda na kushuka bila mlio wowote. Ndipo nikamuuliza jambo lililokuwa linanikereketa: kama humwamini, Jumatatu ulikwenda hospitali kwa nini?

SPIKA – Kwa maneno yake. Kati ya wimbo na wimbo alikuwa anasimama, anasema dalili moja. Mara choo, mara titi, mara kidonda. Baada ya ule wimbo wa tatu akasema: sauti ikikauka ikapita wiki tatu, usingoje, njoo. Watu wote wale, nikaona kama ameniita mimi.

INJINIA – Alisema hivyo? Mbona sikusikia?

WAKILI – Ungesikia vipi, ulikuwa unanieleza habari za maspika.

Hapo yule mama wa kiatu akakohoa kidogo.

MGENI – Samahani, wazee wangu. Kwani huyu kaka sauti yake ilikauka lini?

WAKILI – Lini kivipi?

MGENI – Lini. Ilianza lini?

WAKILI – Jibu ni rahisi. Ilianza wakati wa zile mvua kubwa.

INJINIA – Mvua? Kwenye mvua alinadi makoti, nilimsikia nikiwa ndani na mlango nimefunga. Ilianza soko lilipohamishwa.

BIBI KAHAWA – Soko lilihamishwa kabla ya mvua, baba.

INJINIA – Basi baada.

BIBI KAHAWA – Kwenye harusi ya binti yangu alikuwa mshereheshaji. Sauti alikuwa nayo, watu walicheka mpaka nyuma.

INJINIA – Nilimfungia kipaza sauti.

BIBI KAHAWA – Wewe? Spika tangu lini anahitaji kipaza sauti?

INJINIA – Alikiomba mwenyewe.

Bibi Kahawa akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika cha tatu, akavikunja vyote.

BIBI KAHAWA – Kumbe hata siku ile ilikuwa imeshaanza.

MGENI – Kwa hiyo lini?

Mimi nilijaribu kuitafuta siku ya mwisho kuisikia bei ya suruali nikiwa hapa kibandani, na sikuipata. Nilizipata siku nyingi za kumtania. Nilikumbuka tulivyomwita Jogoo Mgonjwa, nilikumbuka nani alianza na nani aliitikia, lakini ilikuwa mwezi gani, sikujua. Nikaona aibu mbele ya mgeni, kiatu chake mkononi mwangu.

SPIKA – Daktari naye kaniuliza hivyo hivyo. Mtu wa kwanza kuniuliza. Nikamwambia sijui. Ilikuwa inapotea kidogo kidogo, na nyumbani naishi peke yangu, nani ataniambia? Akasema si neno, kawaulize unaoshinda nao, wao watakuwa wanajua.

Bibi Kahawa aliinua birika, likatoa machicha. Injinia, mwenye jibu la kila kitu, alikuwa anachokoa tofali kwa ncha ya kiatu. Spika akatutazama mmoja baada ya mwingine, na alipozungumza ilibidi tuiname ili tumsikie.

SPIKA – Sasa Alhamisi nikifika, nimjibu nini?