Ngoma Ndani ya Bomba

Benchi lilikuwa chini ya dirisha la mzee aliyeitwa Chuma, kwenye jengo la mwisho kabla mtaa haujateremka kwenye kiwanda cha meli cha Rijeka. Ulikuwa mwaka ule wa kahawa kuadimika na umeme kukatwa kwa zamu. Kahawa aliyekuwa nayo ni Bibi Fume peke yake, kwa kuwa hakuona haya kuvuka mpaka hadi Trieste, Italia, na kurudi ameishindilia kwenye mikono ya koti. Aliichanganya na shayiri, akaichemsha kwenye gesi, akashuka nayo kwenye kibirika, na kwa kikombe kimoja kila mtu alimvumilia maneno yake. Gazeti alikuwa karani wa bandari aliyestaafu, msomaji wa kila kitu hadi matangazo ya vifo. Chuma alikuwa amechomelea meli ujana wake wote, na sasa alikuwa mgane anayeota jua. Jumapili ile hata jua halikuwepo. Upepo wa kusini ulikuwa umelalia mji tangu juzi, mzito, wa kuumiza vichwa, na umeme ulikuwa umekatwa tangu mchana.

— Hilo tena, akasema Gazeti. Sikilizeni.

Dirisha la Chuma lilikuwa wazi. Ndani, kwenye bomba la kupashia nyumba joto, ilisikika: du-du-du. Kimya. Du-du.

— Tunasikia, sisi si viziwi, akasema Bibi Fume.

— Umeme hakuna, bibi.

— Mimi niliyepapasa jikoni kama kipofu nikikupikia kahawa, unaniambia mimi umeme hakuna?

— Basi santuri inazungushwa na nini?

Hapo wote wakatazama dirisha la Mwalimu Vilma, ghorofa ya tatu, lililofungwa.

Ngoma ile waliijua. Kila siku ya shule Mwalimu Vilma alirudi na mkoba wa madaftari ya hesabu, mkate kwapani, akasalimia benchi na kupanda. Muda si mrefu dirisha linafunguka na santuri inaanza: gitaa kavu, ngoma kavu zaidi, na kijana anayeimba kama anayegombana na mama yake. Wimbi jipya, ndivyo vijana walivyouita muziki huo. Chuma aliuita makelele. Mwanamke mwenye mvi, miwani imefungwa kamba shingoni, anasahihisha sehemu na desimali huku mguu ukipiga sakafu! Sauti ikizidi, Chuma alichukua kijiko akagonga bomba, na mwalimu akapunguza. Katika jengo lile mwenye malalamiko hapandi ngazi. Anagonga bomba, na bomba linapita nyumba zote. Tangu mkewe afariki, mazungumzo ya Chuma ndani ya nyumba yalikuwa hayo tu. Siku ambayo santuri haikulia alikosa raha mpaka usingizi, ila hilo asingemwambia mtu hata kwa kufinywa.

Jana alasiri santuri ililia mpaka mwisho, kama kawaida. Giza lilipoingia, ngoma ikarudi peke yake, bila gitaa, bila mwimbaji. Ikaendelea usiku, ikaendelea asubuhi. Chuma aligonga kijiko. Haikupungua. Aligonga tena kwa hasira, na kitu kilichomtoa jasho ni kwamba ngoma ile ilimjibu, haraka haraka, kama iliyofurahi. Tangu hapo alikuwa anaogopa, mzee mzima, na alikuwa ameshuka benchini mapema ili asikae chumbani nayo.

— Betri, akasema Gazeti. Amechukua betri ya gari, kaunganisha nyaya. Nimesoma, inawezekana kabisa.

— Gari la nani? akauliza Bibi Fume. Yule hana hata baiskeli.

— Ameazima.

— Kwa nani? Wewe?

— Basi sijui, akasema Gazeti, ila nimechoka. Jana niligonga mpaka nikapinda uma.

— Hata mimi niligonga, akasema Bibi Fume. Na mwiko. Ikanijibu.

Chuma aligeuka.

— Na wewe ilikujibu?

— Ndiyo, ikanijibu. Nikaacha. Kitu kinachonijibu ukutani sikiongezei maneno.

Chuma alimeza funda la kahawa. Ilikuwa imepoa na ilikuwa na shayiri nyingi kuliko ilivyokubalika, lakini alishukuru kuwa na kitu cha kushika mkononi.

— Chuma cha meli hukumbuka, akasema. Mnajua? Kiwandani, meli ikishakamilika, watu wakienda nyumbani, ubavu wake unagonga wenyewe. Joto linatoka, bati linajivuta. Unasikia tak, tak, kama kuna watu wamefungiwa ndani.

— Na hugonga wimbo? akauliza Gazeti.

— Hapana.

— Basi tuondolee meli zako hapa.

Du-du-du. Kimya. Du-du. Safari hii kimya cha katikati kilikuwa kirefu, na Chuma alijikuta amebana pumzi akisubiri zile mbili za mwisho.

— Niwaambie mimi, akasema Gazeti, akisogea na kushusha sauti. Nyaya zimo ndani ya bomba. Wakubwa wamezitia. Wanapima nani anapenda muziki wa vijana, na nani anaulalamikia. Kila tulipogonga, tumeandikwa.

— Yesu na Maria! Mimi naandikwa kwa mwiko?

— Cheka tu.

— Sicheki. Ninyi wanaume mna akili za kuhesabu magunia. Aliyepiga ngoma kwenye santuri ile ni nani?

Walimjua. Alikuwa Korado, mtoto wa mtaa ule ule, aliyeshindwa hesabu mpaka Mwalimu Vilma alipoanza kumgongea sehemu kwa penseli juu ya dawati: tatu, pumzika, mbili. Hesabu zikamwingia kupitia vidole. Baadaye, alipounda bendi na wenzake, ngoma ya wimbo wao wa kwanza ikawa hiyo hiyo, na santuri ya kwanza kabisa alimletea mwalimu mwenyewe, mlangoni, huku anaona aibu. Majira ya baridi yaliyopita pikipiki ilimwua kwenye barabara ya pwani. Kuanzia hapo mwalimu aliupiga wimbo ule mmoja tu.

— Siku ya maziko hakulia, akasema Bibi Fume. Nilikuwa nyuma yake. Alikuwa anagonga kidole kwenye mkoba. Mimi nimezaliwa kijijini, ndani kabisa ya Istria, huko tunayajua haya. Marehemu ukimwita kila siku kwa kitu alichokipenda, siku moja anaitika. Hiyo si santuri. Huyo ni mtoto yuko kwenye bomba, anabisha. Anataka kufunguliwa.

Hakuna aliyecheka. Upepo ulisukuma mlango wa jengo, ukaufungua kidogo na kuurudisha. Alitamani mtu aseme upuuzi mwingine, hata wa betri, lakini Gazeti alikuwa anakunja gazeti lake mara mbili, mara nne, bila kulitazama.

— Nipe kikombe chako, Bibi Fume akamwambia Chuma. Akakipindua juu ya kisahani, akangoja, akakiinua na kuyasoma mashapo ya kahawa kama ramli. Akakunja uso.

— Unaona nini?

— Naona mkono. Uko chini, kwenye kitako. Sijapenda.

Wakati huo mlango ulifunguka kabisa, akatoka mwanamke na ndoo ya takataka. Alikuwa Ljerka, mpangaji mpya wa ghorofa ya nne, aliyehamia juzijuzi tu na bado alisalimia kila mtu kwa woga.

— Shikamooni, wazee wangu. Lifti imekufa, nimeshuka na giza lote lile.

— Marahaba, mama. Karibu, ila kahawa imekwisha, akasema Bibi Fume, akitikisa kibirika kuonyesha.

— Ahsante, sikai. Hiyo ngoma hata kwenu inasikika?

— Inasikika mpaka kaburini, mama.

— Usiku sikulala. Mume wangu aliambiwa hapa mtu akigonga, na wewe gonga. Tukagonga. Jengo zima lilikuwa linagonga. Akaweka ndoo chini, akauliza: Halafu huyo mwalimu anasemaje? Nani amepanda kumwona?

Lilikuwa swali dogo. Bibi Fume alimtazama Gazeti. Gazeti alimtazama Chuma. Chuma alifungua kinywa kusema fulani, kisha akatafuta huyo fulani kichwani na hakumpata. Jana hakuna. Leo asubuhi hakuna. Jengo zima la watu, na vijiko, na uma, na mwiko.

Ndani ya bomba ikaanza tena. Du-du-du. Kimya.

Walisubiri.

Du.

Ya pili haikuja.

Chuma alikuwa ameshasimama. Hakujua kwamba amebeba kijiko cha kahawa mpaka alipokuwa ngazini, gizani, akijivuta kwa reli, na nyuma yake Bibi Fume akiwasha kiberiti kimoja baada ya kingine na kuwataja watakatifu wote. Gazeti alikuwa anapiga kelele kutoka chini kwamba simu ipo kantini, kwamba anampigia daktari, au atamleta mwenyewe. Ljerka alimpita Chuma, akafika kwanza kwenye mlango wa ghorofa ya tatu na kuupiga kwa viganja.

— Mwalimu! Ndugu Mwalimu!

Kimya. Chuma alisukuma mlango kwa bega, ukamrudisha. Akapiga magoti, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kusimama, na akachungulia tundu la ufunguo ambalo halikumwonyesha kitu. Kisha, bila kufikiri, akagonga mbao kwa kijiko. Du-du-du.

Akaacha. Kiberiti cha Bibi Fume kilizimika na hakuwasha kingine. Chuma hakuwahi kusali tangu azikwe mkewe, na hata sasa hakukumbuka maneno. Alikuwa na zile mbili za mwisho tu, alizozichukia kwa kinywa na kuzingoja kila siku kwa moyo.

Kutoka ndani, chini kabisa, usawa wa sakafu, bomba liligongwa, kama na mtu aliyeanguka, kwa kitu kidogo, labda penseli.

Du. Du.

— Ndugu Mwalimu, akasema Chuma, mdomo kwenye tundu la ufunguo, machozi yakimwingia masharubuni. Usipunguze. Unanisikia? Gonga tu, gonga kwa nguvu. Naja.