Kikao cha Saa Tatu Asubuhi

Kijiwe cha marafiki hao watatu, mtaani Gitega, kiko mbele ya mlango wa Gwiza fundi cherehani, ukingoni mwa mtaro mpya wa maji ya mvua. Benchi ni moja, birika la kahawa ya tangawizi ni moja. Jumatatu hiyo jioni Mutsinzi, anayeitwa Bodi kwa kuwa ni mjumbe wa bodi ya kampuni ya unga wa uji, alikuwa ameinamia kikombe bila kunywa. Kiwanja cha Gahanga, ambako kampuni ilitaka kujenga kinu, kilikuwa kimeuzwa kwa shemeji wa mwenyekiti. Wanahisa arobaini, wengi wao majirani wa hapo hapo, walizisikia habari hizo kwa watu wa pembeni. Na kwenye karatasi ya kuuza, sahihi ya Mutsinzi ilikuwamo.

— Bodi, sema basi, Gwiza alianza. Hii kiwanja yetu imeenda namna gani?

— Bodi ilipitisha.

— Bodi si ni wewe, sha, ndugu yangu!

— Tuko watano.

Castory, Mtanzania muuza vipuri, wanamwita Ibara kwa kupenda kwake sheria. Alitua kikombe.

— Mwenyekiti ndiye mkurugenzi huyo huyo. Anajiagiza mwenyewe, anajikagua mwenyewe. Nani atamkemea?

— Tumpe kiti haina mgongo. Akichoka, atatoka.

— Haitoshi, Gwiza. Kila mjumbe afungiwe chumba chake, apige kura kwa kengele, asimwone mwenzake usoni.

— Na mashemeji? Buriya, pengine tuchague mwenyekiti haiko na mke, haiko na dada!

Walicheka kidogo. Mutsinzi hakucheka. Mwenyekiti alikuwa amemkuta barabarani, injini ya gari ikiunguruma, naye akaweka sahihi juu ya boneti bila kusoma hata mstari mmoja. Watu aliwaambia kwamba alimwamini. Ukweli ni kwamba aliogopa kuonekana mbishi.

Mwanamke mwenye bahasha mkononi akasimama mbele yao.

— Habari za jioni. Naitwa Frida. Marehemu mume wangu aliniachia hisa zake kwenye kampuni ya unga. Nimeambiwa mjumbe wa bodi anakaa hapa.

— Ni mimi, mama, alisema Mutsinzi.

Frida alitoa nakala ya kumbukumbu za kikao cha bodi kilichopitisha mauzo, akasoma taratibu:

— “Jumamosi, tarehe thelathini Agosti, saa tatu asubuhi. Wajumbe wote watano walihudhuria.” Mahali hapakuandikwa. Naomba kujua tu, baba. Mlikaa wapi?

Gwiza alihesabu kwa vidole, akashika mdomo.

— Jumamosi ya mwisho ya mwezi, alinong'ona. Ilikuwa umuganda.

Saa hizo mji mzima hufunga maduka, watu wakatoka kwa kazi ya pamoja ya mtaa. Castory aliutazama mtaro miguuni pake. Waliuchimba wenyewe asubuhi ile ile, wote watatu, na jembe alilolishika Mutsinzi lilikuwa la Gwiza.

Frida alisubiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Mutsinzi zaidi. Alikifungua kiganja chake. Lengelenge la mpini lilikuwa limeanza kukauka.

— Hatukukaa, mama. Mimi nilikuwa hapa, nachimba. Andika hivyo.

Gwiza akaleta kalamu. Frida aliandika nyuma ya bahasha, mistari mitatu tu, akampa.

Safari hii Mutsinzi alisoma kila neno, tarehe akairudia mara mbili, ndipo akaweka sahihi.